Sura ya Tano: Maji Aliyopita Panya

Panya mweusi si mwenyeji wa Unguja. Aliletwa na vyombo kutoka Asia, sawa na kuku. Wataalamu wa mambo ya kale waliochambua mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyochangamka tangu karne ya 7, walimkuta humo pamoja na shanga na vigae vya ng'ambo. Iliwahi kudaiwa kwamba kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanyama wa Asia walikuwapo maelfu ya miaka kabla ya hapo. Mabaki yalipopimwa upya dai hilo halikusimama: panya na kuku wanaonekana pale pale inapoanza biashara ya pepo za kaskazi na kusi. Tangu watu wa mwambao waanze kujenga miji, basi, panya yumo nao chini ya dari moja.

Siku hizi ni ukoo mkubwa. Yule mweusi, mwepesi wa kupanda, anapenda boriti na dari za nyumba za Mji Mkongwe, na kuta za mawe na chokaa zenye nyufa zinamfaa sana. Yule wa kahawia ni mzito zaidi. Yeye yuko kwenye mitaro na majaa. Mashambani yuko panya buku, mwenye mifuko mashavuni ya kubebea chakula, anayeweza kuzidi kilo moja na ambaye, ukimpima pamoja na mkia, anakaribia urefu wa mita. Kila mmoja ana njia zake, ila wote wana tabia moja inayohusu sura hii: hukojoa wakiwa wanakwenda. Kwao mkojo ni alama ya njia.

Mtoni ni mahali pazuri pa kuyafikiria haya. Pako kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe, kwenye barabara ya Bububu, na wengi wanapajua kwa magofu ya kasri la Seyyid Said bin Sultan. Bintiye Salme alizaliwa humo mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliueleza ua uliojaa tausi, paa, mbuni na bata, na mabafu ambako watu wa nyumbani walikuwa wakienda. Mto uliopapa mahali hapo jina lake ungali unashuka baharini kwa kupita kwenye miti, bustani na nyumba za watu. Kiangazi ni mwembamba. Masika yakishika, Machi hadi Mei, unachukua kila kilichokuwa juu ya ardhi: majani, makopo, kinyesi cha mbuzi, na mkojo wa kila mnyama aliyepita usiku.

Ndani ya mkojo huo huweza kuwamo bakteria aitwaye leptospira. Ukimtazama kwa darubini ni uzi mwembamba uliosokotwa, ncha zake zimepinda kama ndoana, na hatulii. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yakiwa na uvuguvugu na kivuli, humweka hai kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Jua kali, ukavu na chumvi humwangamiza. Kwa hiyo mto mmoja huo huo una hatari tofauti kwa mwendo wa dakika chache: kule juu penye kivuli na madimbwi ana maisha marefu, na pale mdomoni, maji ya bahari yanapopanda, hadumu. Anayekosha miguu baharini kwenye mchanga wa Mtoni na anayevuka dimbwi nyuma ya nyumba hawamo katika hatari moja, hata kama dimbwi linaonekana safi zaidi kuliko bahari.

Panya mwenyewe haumwi. Leptospira akishaingia mwilini mwake huhamia kwenye figo, akakaa katika vile virija vidogo vinavyotengeneza mkojo, mahali ambapo kinga ya mwili haimsumbui sana. Panya anaendelea kula, kuzaa na kupigana huku akimwaga vijidudu kwa miezi, mara nyingi mpaka siku ya kufa kwake. Mkojo wake huweza kubeba mamilioni katika mililita moja.

Binadamu hana mapatano hayo. Leptospira humwingia kwa mchubuko, kwa kisigino kilichopasuka, kwa ngozi iliyolowa muda mrefu, au kwa macho, pua na mdomo. Baada ya wiki moja au mbili hivi, homa hupanda ghafla. Kichwa hugonga. Vigimbi vya miguu huuma kiasi kwamba mgonjwa hataki kuguswa, na macho huwa mekundu bila ya kutoa tongo. Wengi hupona, wengine hata bila ya kujua walichougua. Lakini wapo ambao baada ya siku chache za nafuu homa huwarudia kwa namna nyingine: macho yanageuka manjano, figo zinagoma, na kwa wachache damu huvuja ndani ya mapafu. Hali hiyo ya mwisho huua upesi.

Daktari Adolf Weil wa Heidelberg aliieleza sura hiyo kali, ya umanjano na figo kushindwa, mwaka 1886, mwaka ule ule kitabu cha Salme kilipotoka na katika nchi ile ile. Hakujua kinachoileta. Aliyekiona kijidudu ni Ryokichi Inada na mwenzake Yutaka Ido, huko Kyushu, Japani, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakifanya kazi ndani ya mashimo yenye maji. Walitangaza ugunduzi wao mwaka 1915, na muda si mrefu wakaonyesha kwamba panya ndiye anayekibeba figoni. Migodini kulikuwa na maji, panya na watu wenye michubuko. Ukivitafuta vitu hivyo vitatu leo utavipata kwenye mashamba ya mpunga, kwenye machinjio, kwenye mitaro ya mji, na kwenye mitaa inayofurika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanasema ugonjwa huu huwapata watu wapatao 1,030,000 duniani kila mwaka na kuua karibu 58,900.

Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza Julai 2022. Katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, walifika wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa, na wengine wakitokwa na damu puani. Damu ya pua iliwatia watu hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilirudi vikiwa hasi. Kwa siku kadhaa nchi ikazungumzia "ugonjwa wa ajabu". Rais Samia Suluhu Hassan alisema huenda umetokana na wanadamu kuzidi kukaribiana na wanyamapori. Tarehe 18 Julai aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza jibu la maabara: leptospira, ugonjwa ambao kwa Kiswahili serikali iliuita Homa ya Mgunda. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki.

Mimi naona neno "ajabu" ndilo lililostahili kuchunguzwa. Ugonjwa huu haukuwa mgeni. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilikuwa na miaka mingi ya kuwatafiti panya na leptospira, na moja ya aina za bakteria huyo zilizotambuliwa huko inaitwa Sokoine. Kilichokuwa kipya Lindi ni kwamba wagonjwa walitokea wengi kwa pamoja, mahali pamoja, na damu zao zikatumwa kupimwa. Mgonjwa mmoja mmoja, kijijini kwake, hupewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani.

Ushahidi wa hilo uko Moshi. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliandika kwamba 528 kati yao wana malaria. Damu ilipochunguzwa ipasavyo, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Leptospira peke yake ilipatikana kwa wagonjwa 40, ingawa si wote 870 waliopimwa ugonjwa huo. Wengine walikuwa na homa nyingine zitokanazo na wanyama, na hakuna hata moja ya homa hizo iliyokuwa imetajwa na daktari kitandani. Sioni kwamba hapo pana uzembe. Daktari hutibu kile anachokiona mara nyingi na ambacho ana kipimo chake, na wakati ule alikuwa na malaria akilini na kwinini mkononi.

Halafu ikaja habari ambayo wapenzi wa hadithi fupi hawakuipenda. Timu nyingine iliwatega panya katika eneo hilo hilo la kaskazini, ikawapasua figo na kutafuta leptospira. Panya 384. Hakuna hata mmoja aliyekutwa nayo. Walipogeukia mifugo, waliikuta kwa zaidi ya asilimia 7 ya ng'ombe waliochinjwa, na kwa mbuzi na kondoo wachache. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Kumbe Kilimanjaro mshukiwa mkuu alikuwa zizini, na pengine aliyekamua maziwa alfajiri alikuwa hatarini kuliko aliyelala na panya darini.

Mtu asiharakishe kumsafisha panya kwa sababu hiyo. Huko huko Morogoro kuna panya buku mashuhuri wa shirika la Apopo, wanaofundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Ni viumbe werevu na watiifu. Pamoja na hayo, watafiti wa Sokoine walipochunguza panya buku waliofugwa Morogoro, waliwakuta baadhi wakibeba leptospira wa aina iitwayo Kenya, na wakachapisha hayo mwaka 2004. Kila eneo lina wabebaji wake, na kila aina ya leptospira ina mnyama inayempenda. Mayotte, ambako majirani zetu wa Kimaore wanazungumza lugha iliyo ndugu na Kiswahili, mwaka 2014 ilitambuliwa spishi mpya kabisa iliyopewa jina la kisiwa hicho, na baadaye ikahusishwa na tenreki, mnyama mdogo mwenye miba aliyeletwa kutoka Bukini. Shelisheli, kwa miaka mingi, imetajwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huu ukilinganisha na idadi ya watu. Visiwa hivi vyote vina panya walioletwa na vyombo, vina mvua nyingi, na vina watu wanaotembea na ndara.

Ninapozungumza juu ya panya na maradhi, wazee huuliza kwanza habari za tauni. Wana haki. Mwishoni mwa karne ya 19 tauni ilitoka Hong Kong ikashika Bombay mwaka 1896, na vyombo vya Bombay ndivyo vilivyokuwa vikitia nanga hapa. Robert Koch alipokuja Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1897 hadi 1898, alithibitisha kwamba ipo Kiziba, upande wa Bukoba, ambako ilikuwa na historia yake yenyewe. Waganda wanaijua kwa jina la kaumpuli. Nairobi, mji wa reli uliokuwa bado mchanga, ulichoma soko lake la Wahindi mwaka 1902 kwa kuiogopa. Na Lushoto, milimani Usambara, iliwapata watu zaidi ya 6,000 kuanzia mwaka 1980, ikaua mamia. Lakini tauni ina njia tofauti. Inahitaji kiroboto amwache panya aliyekufa na kumrukia mtu, na panya wenyewe hufa kwa wingi kabla ya watu, kwa hiyo kijiji hupata onyo. Leptospira haitoi onyo. Panya wazima wenye afya ndio wanaoieneza, na mtu si lazima amwone panya hata siku moja.

Kuna pia homa ya taifasi ya panya, iletwayo na viroboto wake, na salmonela anayoiacha kwenye unga na mchele usiofunikwa, na homa ya kuumwa na panya, ambayo ni adimu. Siyadharau hayo, ila kwa mazingira ya Unguja bado naiweka leptospira mbele, na sababu yake ni malaria.

Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria mwaka 2003, zikafuatwa na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani. Katika miaka michache malaria ikashuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu, na ikabaki hapo kwa miaka mingi, ijapokuwa hupanda tena mara kwa mara. Ni kazi kubwa iliyofanyika. Lakini homa hazikuisha pamoja na malaria. Mtoto bado anawaka mwili, baba bado analala akitetemeka, kipimo cha haraka kinasema hapana, na dawa fulani lazima iandikwe. Hapo mara nyingi jina linalofuata ni taifodi, kwa kutegemea kipimo cha Widal, ambacho kila mtaalamu wa maabara anajua kinavyoweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi. Leptospira inaweza kujificha vizuri sana nyuma ya karatasi ya Widal.

Kuithibitisha si kazi nyepesi. Kipimo kinachotegemewa zaidi kinahitaji maabara iwafuge leptospira hai wa aina nyingi, maana zinajulikana zaidi ya 250, kisha kila aina ichanganywe na majimaji ya damu ya mgonjwa na kutazamwa kwa darubini ya giza kama itagandamana. Tena yatakiwa sampuli mbili zilizopishana kwa wiki mbili hivi, ili kingamwili zionekane zikipanda. Pemba tunayo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, kwa hiyo Zanzibar si nchi isiyojua kutazama kwenye darubini. Tatizo la kipimo hiki ni muda.

Nani awe na hofu zaidi? Nawafikiria kina mama wa mabonde ya mpunga, Cheju, Mtwango na Bumbwisudi, wanaosimama matopeni kwa saa nyingi kupandikiza na kupalilia. Nawafikiria wachinjaji na wachunaji wa Kisakasaka, kwa sababu ya yale ya Kilimanjaro. Wazoa taka na wazibua mitaro. Na watoto, ambao mvua ya masika kwao ni mchezo. Mtaro ukijaa Mwanakwerekwe au nyuma ya nyumba Mtoni, wao ndio wa mwanzo kuingia. Mtalii anayelala hoteli ya Mji Mkongwe na kumwona panya mmoja kwenye paa ataandika malalamiko marefu, lakini hatari yake ni ndogo kuliko ya mama wa Bumbwisudi ambaye hajamwona panya wiki nzima.

Ushauri wa vitabuni ni kuvaa mabuti ya mpira. Kwa mzoa taka na mchinjaji ni ushauri mzuri na mwajiri ndiye anayepaswa kuyanunua. Kwa mkulima wa mpunga ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuingia bondeni: tope huyavuta mabuti mpaka mguu ukabaki mtupu, na mwisho yakajaa maji yale yale. Kwake linalowezekana ni kufunika michubuko kwa bandeji isiyopitisha maji, kupaka visigino mafuta visipasuke, na kujikosha kwa maji safi na sabuni atokapo shambani. Ipo pia dawa ya kinga. Mwaka 1984 ilichapishwa habari ya askari wa Marekani 940 waliokuwa kwenye mazoezi ya msituni Panama. Nusu walipewa doksisaiklini mara moja kwa wiki na nusu vidonge vitupu. Waliopewa dawa aliugua mmoja, wasiopewa wakaugua 20. Inafaa kwa mtu anayekwenda kuokoa watu kwenye mafuriko kwa siku chache. Kumnywesha mkulima msimu mzima sikuungi mkono; bakteria wengine watajifunza kuishi nayo.

Na paka? Mji Mkongwe una paka wa kutosha kila kibaraza, na wenyeji wanawapenda kwa haki. Lakini watafiti walioweka kamera katika kituo kimoja cha kuchakata taka cha Brooklyn, New York, kilichokuwa na panya wakubwa wa kahawia, walitazama kwa siku 79 na kuona paka wakiua panya wawili tu. Paka hupenda kiumbe kidogo. Panya mzima wa mtaroni humpa taabu, naye huona heri asubiri vichwa vya samaki. Sumu nayo hupunguza panya kwa miezi michache, kisha waliobaki wanazaa mpaka kufidia, maana jaa lao liko pale pale. Kinachompunguza panya kwa kudumu ni taka zinazotoka mtaani kwa wakati na kufikishwa Kibele zilikotengewa dampo, mtaro unaotiririka, na chakula kilichofungiwa. Hayo ni mambo ya manispaa na ya jirani kwa pamoja, nayo huenda polepole.

Kwa hiyo mzigo unarudi kwa anayempokea mgonjwa. Homa ya masika ambayo kipimo cha malaria kimeikataa, vigimbi vinauma, macho mekundu, na mgonjwa anasema wiki iliyopita au ile ya kabla yake alikuwa bondeni, machinjioni au kwenye maji ya mafuriko: hapo doksisaiklini ianze, au kama hali ni kali alazwe na kuchomwa penisilini au seftriaksoni, bila ya kungoja. Dawa hizo ni za bei ndogo na zimo kwenye maduka ya dawa ya mjini, na hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo za homa. Damu ya kwanza itolewe kabla ya dawa na kuhifadhiwa. Ya pili itachukuliwa wiki mbili baadaye, na majibu yake yatawasaidia zaidi wagonjwa wa masika yajayo.